Picha za Wasafiri na Mji wa Unguja

Katika miaka hii ya karibuni picha za kale za mji wa Unguja zimefufuka. Wajukuu wa wasafiri wa Kizungu wafungua masanduku ya babu zao, wakuta ndani yake albamu, vioo na kadi za posta, na vitu vilivyolala gizani miaka mia na zaidi vyatoka nje. Vyauzwa mnadani, vyawekwa katika makumbusho na vyuo, vyasambazwa kwa intaneti hata vikamfikia mtu aliyeketi barazani Malindi na simu yake mkononi. Mkusanyo mmoja wa namna hiyo, uliokusanywa na Mwingereza Humphrey Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki za tangu 1860 hata 1960, umo katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, tangu 2002. Furaha iliyoupokea ufufuo huu ni kubwa, nami sina nia ya kumnyima mtu furaha yake. Nia yangu ni kuuliza tunachofurahia ni nini. Maana nawasikia wenye elimu na wasio elimu wakisema kwa sauti moja kwamba sasa tumerudishiwa mji wetu, na neno hili si kweli.

Nathubutu kusema kwamba picha ya msafiri ilihifadhi haja ya msafiri kwanza, na mji wa Unguja baadaye. Mji umo ndani ya picha hizo kama kokwa ndani ya embe. Hautoki mpaka umenywe. Kisu cha kuumenyea ni lugha ya watu waliokaa humo, nayo ni lugha hii tunayofundisha. Kazi hiyo ni yetu kabla ya kuwa ya mtu mwingine awaye yote, nasi hatuifanyi. Tumeridhika kutazama.

Na tuanze na jinsi picha hizo zilivyopatikana. James Augustus Grant, aliyefika Unguja pamoja na Speke katika 1860 wakiwa njiani kwenda kutafuta chimbuko la mto Nile, alipiga picha zilizo miongoni mwa za kwanza kabisa za mji huu zinazojulikana leo. Mashine za wakati ule zilitumia vioo vilivyopakwa dawa, na kioo kilihitaji nukta kadhaa za mwanga kabla ya kushika sura. Kitu kilichotulia kilishikwa; kitu kilichotembea kilipotea au kilibaki kama ukungu. Ukuta ulishikwa, mlango ulishikwa, jahazi lililotia nanga katika maji matulivu lilishikwa. Mchukuzi aliyepita na gunia la karafuu begani hakushikwa. Mwuza maji hakushikwa, wala mtoto aliyekimbia kwenda chuoni na juzuu yake kwapani.

Leo mtu hutazama picha ya namna hiyo, akaona njia nyembamba isiyo na mtu, akashusha pumzi na kusema: tazameni utulivu wa zamani! Hapakuwa na utulivu. Palikuwa na bandari kubwa kupita zote za pwani hii, pembe na karafuu na ngozi vikipimwa tangu alfajiri, makuli wakiimba, punda wakilia, na lugha kumi zikigombana juu ya bei moja. Ukimya anaousifu mtazamaji ni ukimya wa dawa iliyopakwa juu ya kioo. Na watu wachache wanaoonekana wazi katika picha za kwanza ni wale walioambiwa wasimame wasitikisike. Yafaa kila mwanafunzi alijue jambo hili kabla hajaandika hata sentensi moja juu ya picha hizo: tunaowaona ni walioamrishwa au walioombwa, na waliokuwa na shughuli zao wamefutika.

Baadaye mashine zikawa nyepesi na za haraka, hasa baada ya Eastman kutoa kamera yake ya Kodak katika 1888. Lakini jicho lililokuwa nyuma ya mashine halikubadilika upesi kama mashine yenyewe. Msafiri alifika kwa meli, akakaa siku chache, akaondoka kwa meli. Aliona mji kwa upande wa bahari: Forodhani, kasri za masultani, Beit al-Ajaib iliyojengwa na Sayyid Barghash katika 1883. Kisha akaingizwa vichochoroni kutazama milango iliyonakshiwa. Tena picha nyingi alizorudi nazo kwao hakuzipiga mwenyewe, alizinunua dukani. A. C. Gomes, Mgoa aliyefungua duka la picha mjini katika karne ya 19, na wengine waliomfuata, walijua vema msafiri anataka nini, wakamwekea tayari. Kwa hiyo albamu ya msafiri yafaa isomwe kama daftari la biashara: imeandikwa humo kilichouzika.

Na mlango uliuzika kuliko vyote. Sijui kama kuna mji mwingine ambao milango yake imepigwa picha kupita watu wake. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba nyumba njema si mlango, wakatuagiza tufungue tuingie ndani; msafiri hakuingia, wala hapakuwa na sababu ya kukaribishwa, naye hana lawama kwa hilo. Lawama ni yetu sisi tunaojua kilichokuwa ndani, yaani daka, ua, sebule, orofa ya wanawake, kisima na jiko, kisha tukakubali kusimama nje pamoja na mgeni na kustaajabia misumari ya shaba.

Jambo zito zaidi ni lile lisiloonekana katika picha hata kidogo. Mji wa Unguja ulikuwa na pande mbili, na kati yake palikuwa na hori la maji ya bahari lililojaa na kupwa. Watu walivuka kwa daraja, na ingawa hori lilifukiwa katika karne ya 20 na daraja halipo, jina la Darajani lingalipo na watu hununua samaki hapo kila siku. Ng'ambo ya hori ilikuwa Ng'ambo: nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti, mitaa ya mafundi, wavuvi, wachukuzi, waashi waliojenga nyumba za mawe wasizolala ndani yake, na watumwa waliopata uhuru wao. Katika karne ya 20 wakazi wa upande huo waliwazidi wa upande wa mawe. Fungua albamu yoyote ya msafiri uhesabu: kurasa thelathini za mawe, na ukurasa mmoja wa makuti, chini yake pameandikwa kwamba hiki ni kibanda cha wenyeji. Kibanda cha nani? Katika mtaa gani? Hapana jibu.

Hebu tutazame mwaka mmoja tu. Katika 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyeingia mjini akiwa mtu duni na kukaa Ng'ambo, alikwenda Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri; na sahani hizo zikapeleka Kiswahili cha Unguja katika kila bandari ya pwani hii. Katika 1928 hiyo hiyo wakazi wa Ng'ambo walikataa kulipa kodi ya viwanja vilivyokuwa chini ya nyumba zao, wakaitikisa serikali. Haya ni mambo mawili makubwa katika historia ya mji, na yote mawili yalitokea upande ambao kadi ya posta haikuutazama. Mtu atakayeandika historia ya mji huo kwa picha za wasafiri peke yake ataandika mji usio na Siti, usio na mgomo, usio na watu wengi wake. Atauita mji mzuri. Utakuwa mzuri kweli, kama kaburi lililopakwa chokaa.

Wala tusidhani kwamba kosa hili ni la zamani tu. Mji Mkongwe ulipotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia katika 2000, mpaka wa urithi kwa upande wa mashariki ulifuata kwa kiasi kikubwa njia ile ile iliyopitiwa na hori. Yaliyokuwa ndani ya picha yakawa urithi; yaliyokuwa nje ya picha yakawa jirani wa urithi. Sisemi kwamba wataalamu walioweka mpaka walikuwa na albamu mikononi. Nasema kwamba jicho likizoezwa miaka mia kutazama upande mmoja, hata mkono wa msanifu hufuata jicho.

Sasa nije kwenye maneno yanayoandikwa chini ya picha, maana hapa ndipo kazi ya watu wa lugha inapoanza. Mwingereza hukiita kila chombo cha bahari yetu kwa neno moja tu. Sisi tuna jahazi, mtepe, dau, mashua, ngalawa. Na kwa vyombo vya wageni wa kaskazini twasema bagala, bedeni, sambuku. Majina haya si mapambo. Mtepe ulishonwa kwa kamba za nazi bila ya msumari hata mmoja, tanga lake likawa la ukili, nao ulitoka visiwa vya Lamu. Bagala lilitoka mbali, likaja na upepo wa kaskazi na kurudi na wa kusi. Kwa hiyo mtu anayejua jina la chombo kilicho katika picha amejua pia kilikotoka, na yamkini kwa chombo cha mbali ameanza kukisia hata majira ya mwaka. Mtu aliyeambiwa tu kwamba ni chombo cha Waarabu hakujua lolote, na zaidi ya hapo ameambiwa uongo ikiwa chombo chenyewe ni mtepe.

Mfano wa pili ni wa wanawake. Picha za wanawake zilizoandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili hazina idadi. Hapana jina, hapana mtaa, hapana mwaka. Lakini mavazi ya mjini katika karne ya 19 yalikuwa kama barua iliyo wazi. Mwanamke aliyekuwa mtumwa aghalabu alivaa kaniki au merikani isiyo nakshi. Kujifunika kichwa na kuvaa viatu zilikuwa alama za waungwana. Utumwa ulipofutwa katika sheria ya Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa wametoka utumwani walijivika kanga za rangi, na baadaye buibui, kwa kuwa sasa hapakuwa na bwana wa kuwakataza. Basi mwanamke aliyesimama katika picha ya kiasi cha 1900, kanga mbili mpya mwilini na kichwa kimefunikwa, yamkini atuambia neno kubwa kuliko yote yaliyomo katika albamu ile: jana nilivikwa, leo nimejivika. Mpiga picha hakulisikia neno hilo, kwa kuwa hakujua kusoma kanga. Sisi twajua, au twajidai kujua. Mbona hatujaliandika?

Natambua kwamba nitajibiwa. Wako watakaosema kwamba picha ni jambo la wanahistoria na wasanifu, na mwalimu wa Kiswahili arudi kwenye sarufi yake. Jibu langu ni kwamba hapana kitu kinachohitaji kusomwa kama picha, na kisomo chake ni cha alama, kama kisomo cha herufi. Chukua mfano wa mnara. Katika picha za zamani za Forodhani huonekana mnara uliosimama peke yake mbele ya kasri. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja, zikaibomoa kasri iliyoitwa Beit al-Hukm na kuuharibu mnara ule. Beit al-Ajaib iliponea, na ilipotengenezwa katika 1897 mnara wa saa ulijengwa juu ya uso wake. Kwa hiyo mnara ukiwa peke yake, picha ni ya kabla ya mizinga. Ukiwa juu ya Beit al-Ajaib, ni ya baadaye. Mtoto wa shule aweza kufundishwa jambo hili kwa dakika tano, na hata hivyo picha za aina zote mbili husambazwa kila siku zikiwa na maneno yale yale: Unguja ya zamani. Zamani ipi? Kati ya picha moja na nyingine mna vita na mamia ya wafu.

Mnara huo wa pili nao haukudumu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib ilianguka, mnara ukaenda nayo, na watu wawili wakafa. Siku zile wapenzi wa mji waliomboleza kwa kupelekeana picha za kale, na hakuna wa kuwalaumu kwa msiba wao. Lakini nyumba haianguki kwa kukosa wapenzi wa picha yake. Huanguka kwa maji yapenyayo darini, kwa miti iliyooza, kwa miaka ya kuahirisha. Mapenzi yanayoishia katika kutazama ni mapenzi mepesi, na nachelea kwamba picha nzuri imekuwa kwetu badala ya nyumba nzima: tumeshika kivuli, tukaacha mti uliwe na mchwa.

Kuna neno jingine ambalo wengi huliogopa, nami sioni sababu ya kulificha. Picha hizi zimefanywa mashahidi katika ugomvi wetu. Mmoja, aghalabu aliye mbali, Oman au Uingereza, huonyesha picha ya bustani, magari safi na mabwana waliovaa majoho, akasema: hii ndiyo pepo iliyovunjwa katika 1964. Mwingine huonyesha picha ya watumwa waliookolewa baharini na manowari za Kiingereza, akasema: hii ndiyo jehanamu iliyofutwa katika 1964. Kila mmoja ana picha ya kweli, na kila mmoja ameifanya iseme uongo, kwa kuwa picha moja haiwezi kubeba miaka mia. Utumwa ulikuwako, na uchungu wake usipunguzwe. Bustani ilikuwako, na hasara ya aliyeipoteza isichekwe. Lakini bubu hawezi kuapishwa. Anayemleta bubu mbele ya kadhi, kisha akasema kwa niaba yake, amejishuhudia mwenyewe.

Pia si picha zote za kale zilizopigwa na jicho la mgeni, na hapa tumaini langu linapata nguvu. Watu wa mji wenyewe walikwenda kwa Gomes kupigwa picha, na baada yake kwa wengine. Tangu 1930 walikwenda Capital Art Studio, duka lililofunguliwa na Ranchhod Oza katika Mji Mkongwe. Mtu alivaa kanzu yake ya sikukuu, akachagua kiti, akamshika mwanawe mkono, akalipa. Picha hiyo ni hati aliyoiandika mwenyewe. Tofauti yake na picha ya mchukuzi aliyekamatwa njiani ni tofauti ya mtu aliyejitambulisha na mtu aliyesingiziwa jina. Macho hayana pazia, ni kweli. Lakini mwungwana akijua kwamba ametazama pasipo ruhusa, angalau humwomba radhi aliyetazamwa. Radhi yetu kwa watu wale ni kuwatafutia majina yao pale yanapopatikana.

Yanapatikana wapi? Na tuseme kweli, tusijidanganye. Mzee wa miaka themanini leo alizaliwa katika miaka ya 1940; hakuona uso wa mtu aliyesimama mbele ya mashine katika 1890, na tukimsukuma aseme atatutungia kwa adabu ya kumpendeza mgeni wake. Lakini mzee huyo aweza kutaja nyumba ile ilikuwa ya nani na mtaa ule uliitwaje kabla ya kubadilishwa jina. Aweza kutaja kazi ile hufanywa kwa chombo gani, na kanga ile hufungwa hivyo na nani na kwa shughuli gani. Na katika picha za miaka ya 1950 aweza kuwataja watu wenyewe kwa majina ya baba zao. Hii ni elimu iliyo hai leo, na itakuwa imekwisha kabla ya wanafunzi wangu hawajafika umri wangu.

Basi haya ndiyo ninayoyataka, na sioni kwamba ni makubwa. Kwanza, kila idara ya Kiswahili iliyo karibu na pwani ipeleke wanafunzi barazani na nakala za picha hizi, Mji Mkongwe na Ng'ambo sawasawa, hata katika majumba marefu ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi, ambako wazee wengi waliozaliwa katika nyumba za makuti wanakaa. Wayaandike majina kwa Kiswahili kama yalivyotamkwa. Pili, majina hayo yawekwe katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar kwanza, kisha yapelekwe kwa vyuo vya ng'ambo ya bahari vilivyohifadhi picha, vikitakiwa viyaandike pembeni ya maneno yao. Wamezitunza picha vizuri, na kwa hilo tuwashukuru. Lakini aliyetunza sanduku si lazima ajue kilichomo. Tatu, mwanafunzi akileta kwetu tasnifu yenye picha ya kale ambayo chini yake pameandikwa tu kwamba huyu ni mwenyeji, au hiki ni chombo, au hii ni njia, arudishiwe akaimalize kazi yake, kama tunavyomrudishia anayenukuu shairi asijue maana ya maneno yake.

Kuna rafiki zangu wanaosema kwamba nawaharibia watu starehe yao, kwamba mtu amekuta picha ya mji aupendao na mimi namletea mtihani. Nami nawauliza: mtu ampendaye mama yake, akionyeshwa picha yake ya ujana, hutosheka kusema kwamba alikuwa mzuri? Huuliza ilipigwa wapi, nani huyu aliyesimama pembeni, vazi hili alishonewa na nani, na mbona alikuwa na huzuni siku hiyo. Mapenzi huuliza, na asiyeuliza yaelekea amependa karatasi.

Unguja haikuwa karatasi. Wazee wenye majibu wangaliko, wameketi wakati huu barazani, na picha zimekwisha kufika mikononi mwetu pasipo gharama kubwa. Vijana mnaosoma lugha hii, nendeni mkawaulize mwaka huu.